Banda la Matofali

Mwandu alizimia kwa jua akifyatua matofali. Kalunde, mwenzake, akamwendea tajiri wao, Mzee Magembe, kuomba kivuli na maji ya kunywa.

"Kivuli cha nini? Kwani ninyi maharusi?"

"Basi Mzee, sisi tuache. Lakini matofali yako mabichi yanapasuka kwa jua hili. Yanataka banda, tena na maji safi ya kunyunyizia. Ya mtoni yana chumvi."

Tajiri akashtuka. Kufikia Ijumaa banda lilishasimama, na pipa la maji ya bomba ndani.

Adhuhuri akawakuta wafyatuaji wote humo, wanakunywa na kufyatua.

"Tokeni! Hili ni la matofali!"

"Ndiyo, Mzee," Kalunde akasema, akijifuta midomo. "Tukitoka, yatazaliwa juani, yapasuke tena."