Muhanga Asiye na Shimo

Paukwa!

Pakawa!

Mlioshiba mpo?

Tupo!

Na wenye njaa?

Tupo!

Basi sogeeni wote. Hapa hatuulizani nani katoka nyumba gani.

Hapo zamani za kale, katika bonde la udongo mwekundu, aliishi Muhanga na mkewe. Muhanga mnamjua: pua ndefu, masikio marefu, makucha kama majembe. Kazi yake ilikuwa kuchimba. Alichimba shimo, wakakaa wawili, wakaridhika.

Kisha mkewe akafa.

Siku ile Muhanga alitoka shimoni na hakurudi. Akachimba jingine, akalala usiku mmoja, akaliona pana mno, akalihama. Akachimba la pili, akalihama. Akachimba la tatu, akalihama. Akawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Nyuma yake wanyama wengine waliyakuta mashimo wazi, wakaingia na watoto wao. Yeye hakugeuka kutazama. Alitembea, akasimama, akatembea tena.

Kikaja kiangazi. Vichuguu vikakauka vikawa mawe. Muhanga akagonga akitafuta mchwa, makucha yakavunjika. Njaa ikamshika.

Sasa, bonde lile lilikuwa na desturi yake. Wakati wa mavuno kila mnyama alileta konzi ya mtama katika ghala la pamoja. Kiangazi kikibana, mtama ule ulipikwa uji katika chungu kikubwa, jua likiwa utosini, kwa ajili ya wasio na kitu. Mshika upawa alikuwa Ngiri. Mwaka uliotangulia wapita njia walikunywa mpaka ghala likabaki vumbi, kwa hiyo safari hii Ngiri aliweka sharti: kila anayetaka uji aonyeshe kwanza shimo lake.

Siku ya kwanza Muhanga akafika.

"Hodi, Bwana Ngiri."

"Karibu, mzee. Shimo lako liko wapi?"

"Sina."

"Huna? Chungu hiki ni cha wenyeji."

"Mimi ni mwenyeji."

"Mwenyeji gani hana pa kulala? Pisha, mzee, watu wanangoja."

Nyuma yake alisimama Fisi. "Mimi ninalo," alisema Fisi. "Lile pale penye miiba." Akapewa upawa mmoja.

Siku ya pili Muhanga akaja tena. "Shimo lako liko wapi?" "Sina." "Pisha, mzee." Fisi akasogea. "Ninalo la penye miiba, na la kule kwenye mawe, la mama yangu mgonjwa." Akapewa pawa mbili.

Siku ya tatu Muhanga alikuja tena. Hakukaa chini, maana alijua akikaa hatainuka.

"Shimo lako liko wapi?"

"Sina, Bwana Ngiri. Lakini leo nisipokunywa, kesho hutaniona hapa."

Ngiri akatazama pembeni. "Sharti ni sharti, mzee."

Fisi akampiga kikumbo. "Ninalo la penye miiba, la kwenye mawe, na la karibu na kijito, la shangazi yangu. Jaza, jaza!"

"We Fisi, ngoja kwanza!" Ilikuwa sauti ya Bi Nguchiro, aliyepanga foleni na watoto wake wanne. "La kwenye mawe si ndimo ninamolala mimi?"

"Wewe ni mpangaji wangu," Fisi akajibu bila kupepesa macho. "Nimekuhurumia tu, mama."

"Ala! Kumbe ninaye mwenye nyumba! Haya, mwenye nyumba, tuambie. Ukiingia, ukapita kona ya pili, kuna nini?"

Fisi akajikuna. "Kuna... giza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kilipotulia, Muhanga alisema polepole, akitazama chini:

"Kuna mahali papana, mkono wa kushoto."

Bi Nguchiro akamgeukia. "Umejuaje, kaka?"

"Mke wangu alikuwa na goti bovu. Hakuweza kugeuka mahali pembamba. Kila nilipochimba, nilimwekea pa kugeukia."

"Lakini lile letu," alisema Bi Nguchiro kwa upole, "si ulilichimba yeye keshatutoka?"

"Najua," alisema Muhanga. "Makucha yalichimba hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka.

"Hata kwetu papo," alisema Kicheche. "Mkono wa kushoto."

"Hata kwetu," alisema Sungura. "Watoto wangu wamezaliwa hapo."

Wote wakamtazama Ngiri. Ngiri akakoroga uji usiohitaji kukorogwa.

"Na kwako, Bwana Ngiri?" aliuliza Bi Nguchiro.

"Papo," alisema Ngiri. "Ndipo ninapolala."

"Basi kwa sharti lako," alisema Bi Nguchiro, "sote hapa tutoke kwenye foleni, abaki yeye peke yake."

Ngiri akachota upawa, akaushika kwa mikono miwili. "Kunywa, mzee. Nimekukosea."

Muhanga akanywa akiwa wima.

Fisi akaamriwa na Ngiri kubeba maji ya chungu kutoka chemchemi ya mbali mpaka mvua inyeshe.

"Na uji sipati tena?" akauliza.

"Una njaa?"

"Ninayo."

"Basi utapata. Upawa mmoja, na nyuma ya wote."

Tangu siku hiyo Ngiri aliacha kuuliza habari za mashimo. Aliuliza neno moja tu: "Umekula?"

"Twende ukae kwetu, kaka," Bi Nguchiro alimwambia Muhanga. "Tutabanana." Muhanga akaenda. Akalala kidogo pale papana, mkono wa kushoto. Kisha akaamka, akatoka, akashika njia. Lakini kila jua lilipofika utosini alirudi chunguni, na makucha yakaota tena.

Mpaka leo Muhanga hakai shimo moja. Anachimba, anahama, wengine wanaingia.

Funzo lake, wasikilizaji wangu: mwenye njaa muulize njaa yake, usimuulize mlango wake, huenda mlango unaoufunga wewe aliujenga yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda aiache hapa hapa, atakayepita ataiokota.