Kiti cha Pili cha Mzee Sadala

Sogeeni karibu niwape kesi hii, maana mimi imenishinda.

Huko Tanga, kwenye ghorofa ya tatu, aliishi Mzee Sadala. Miaka thelathini alionyesha sinema, mashine ikimngurumia sikioni, hata masikio yakaharibika. Mkewe alipofariki akabaki na filamu zake na muziki, na hakuvisikia mpaka avifungulie sauti kuta zitetemeke. Majirani wakalalamika, mwenye nyumba akapanda ngazi.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kelele ziishe, au uhame."

Mzee akawaita mafundi watatu waliopanga humo humo. "Nisaidieni nisihame," akasema. "Sina cha kuwapa, ila kiti cha marehemu ki wazi. Atakayenituliza sauti hii atakikalia kila Ijumaa, tutazame picha pamoja."

Wote watatu walikitamani kiti kile, nanyi mtaona kwa nini.

Mhina, seremala ambaye wanawe hawampigii simu, akatengeneza mlango mzito, akaziba kila upenyo kwa mpira. Sauti ikapungua, lakini ikatokea dirishani.

Bi Tunu, fundi cherehani anayepika wali wa mtu mmoja, akashona mapazia ya mablanketi, manne manne. Sauti ikapungua tena, lakini ikapenya ukutani.

Kombo, fundi wa makochi, alihamia hapo mwaka juzi na hadi leo hana wa kumuuliza ameamkaje. Akabandika magodoro kwenye kuta zote nne. Sauti ikakoma. Mtoto wa jirani akalala mchana kutwa, na mwenye nyumba akaja kuomba radhi.

Ila kuta zilinenepa, chumba kikawa chembamba. Viti viliingia viwili tu.

"Bila mlango wangu, mngeanzia wapi?" akauliza Mhina.

"Toa mapazia yangu uone," akajibu Bi Tunu.

Kombo si msemaji. "Aliyemaliza ni mimi," akasema, akatazama chini.

Wakamwomba mzee wapeane zamu. Akatikisa kichwa.

"Wa zamu ni mgeni tu, wanangu, na wageni nimewachoka. Nataka mtu mmoja nimzoee, ajue chai yangu naipenda vipi. Amueni wenyewe. Ijumaa namsubiri."

Ijumaa alasiri walikutana mlangoni, wote watatu, kila mmoja kavaa nguo yake ya kutokea. Hakuna aliyekubali kurudi kwake. Wakapiga hodi. Kimya. Wakapiga ya pili, wakapiga ya tatu kwa ngumi.

Ndani, mzee alikuwa amekwisha mimina vikombe viwili. Filamu ilikuwa ikinguruma. Alikitazama kile kiti, akajiuliza mbona hata leo hakuna aliyekuja. Inaniuma kuwasimulia hapa.

Desturi mnaijua: hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu huondoka. Lakini watatu wale bado wamesimama.

Haya, semeni nyinyi. Mzee akiinuka sasa hivi akafungua, amwambie nani karibu? Na wale wawili, warudi kwa nani?