Ngwe za Mhanga

Paukwa.

— Pakawa.

Walioitika ni wa mbele. Nyinyi wa nyuma, na nyinyi watu wazima mnaojifanya mmekuja kusindikiza watoto, paukwa.

— Pakawa.

Haya. Tunaanzia kwenye ugomvi.

"Vichuguu vitatu," alisema Mhanga.

"Kimoja," alisema Ngiri.

"Tulipatana vitatu."

"Tulipatana uchimbe. Wewe ulikuwa unakaa. Tangu lini kukaa kukawa na ujira?"

Basi hapo zamani, wanyama walipokuwa wakiajiriana vibarua, Mhanga alikuwa fundi wa mashimo. Masikio marefu, kucha kama majembe, chakula chake mchwa. Ngiri hajui kuchimba nyumba, lakini alikuwa na vichuguu vilivyojaa mchwa. Wakapatana mbele ya Kanga, jirani yao. Shimo la hatua ishirini, liishe kabla ya mvua, maana mke wa Ngiri ana mimba. Ujira vichuguu vitatu.

Ila Mhanga alikuwa na bega. Liliteguka zamani, likaunga, maumivu yakabaki. Alikunywa mizizi, akachuliwa, akachanjwa. Maumivu yakabaki. Damu haitoki, uvimbe hauonekani. Bega linauma tu.

Siku ya kwanza bega liliamka jepesi. Mhanga akafurahi. Akasema, leo ndiyo leo. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka jua likazama. Hatua tano.

Kesho yake mkono haukunyanyuka. Akalala siku nne, anauma meno.

Siku iliyofuata akaamka na aibu. Akasema, nifidie. Kwaru, kwaru, kwaru. Hatua nne. Akalala siku tano.

Ngiri akaja, akachungulia. "Dada Mhanga, kidonda kiko wapi?"

"Hakuna kidonda."

"Basi unaumwa na uvivu."

Akaenda zake mkia juu. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa milima. Mhanga akahesabu: hatua tisa zimechimbwa, kumi na moja bado. Bila vichuguu vile, masika yote atalala njaa.

Kanga alikuwa ameatamia mayai karibu na pale. Akamwambia, "Shoga, nikuseme au ninyamaze?"

"Sema."

"Wewe hupumziki."

"Nimelala siku tisa, Kanga."

"Umeanguka siku tisa. Kuanguka si kupumzika. Mimi nikingoja njaa inishike, nitatoka mbio na mayai nitayavunja. Kwa hiyo naondoka kabla ya njaa. Nadonoa, narudi. Nadonoa, narudi."

"Na kazi ya watu itaisha lini?"

"Wanaolima hukata ngwe, kipande cha leo na kipande cha kesho. Hakuna anayelima shamba zima kwa mkupuo mmoja. Kata ngwe zako. Ikiisha, kaa. Bega liume, lisiume, kaa."

Mhanga alikasirika. Mimi pia ningekasirika, hakuna fundi anayependa kufundishwa kazi na kuku wa porini. Lakini akachomeka vijiti. Ngwe ya asubuhi, ngwe ya adhuhuri, ngwe ya alasiri. Tatu hizo ni hatua moja.

Kwaru, kwaru, kijiti. Akakaa.

Kwaru, kwaru, kijiti. Akakaa.

Siku mbili bega lilikataa. Akachimba nusu, wala hakujitukana. Kuna siku moja bega lilinyamaza kabisa, kama la ndama. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ngumu kuliko zote. Ngiri akasimama juu ya shimo. "Leo nakuona mzima. Malizia."

Kucha zilitaka. Moyo ulitaka. Mhanga akafika kwenye kijiti, akakaa.

"Umechoka?" aliuliza Ngiri.

"Bado. Ndiyo maana nakaa."

Siku ya kumi na mbili tangu achomeke vijiti, hatua ya ishirini ikaisha. Siku ya kumi na tatu mvua ikashuka, shaa, shaa, shaa. Mke wa Ngiri akazaa watoto wanne shimoni, wakavu kama majivu. Mvua ilipokatika, Mhanga akaja kudai chake. Ndipo pale tulipoanzia.

"Ulikaa zaidi ya ulivyochimba," alisema Ngiri. "Nalipa kuchimba."

"Shimo linavuja?"

"Halivuji."

"Ni fupi?"

Kanga akajibu kutoka kwenye mayai yake, "Nilipima. Ishirini."

"Lakini kila mtu alikuona umekaa," alisema Ngiri.

"Nisingekaa, ungepata hatua tisa na mkeo angezalia kwenye tope. Huko kukaa ndiko kulikochimba. Tulipatana shimo, Mzee Ngiri. Hatukupatana nife."

Sasa sikilizeni, nisiulizwe tena njiani. Mwenye maumivu yasiyokwisha akate ngwe, akae kabla hajaanguka, na siku njema isimdanganye. Nawe usiye na maumivu, usimpunje mtu kwa sababu hukuona kidonda.

Hadithi yangu naiacha mlangoni pa shimo. Ngiri yumo ndani, anataka kutoka akale. Mhanga ameketi mlangoni, kauziba mzima, bega kaliegemeza ukutani.

"Nipishe," alisema Ngiri.

"Sina haraka. Kukaa ninakujua. Vichuguu vitatu."