Kwa Nini Mianzi ya Mlima Wetu Hufa Pamoja

Mnaiona mianzi ya mlima wetu ilivyofanana, mtu angedhani imezaliwa na mama mmoja. Ndivyo ilivyo, ila haikuanza hivyo. Enzi zile watu walizeeka polepole kama mawe, na mlima ulikuwa na mianzi ya kila namna: minene na myembamba, mitamu na michungu, kila namna na mwaka wake wa kuchanua na kufa. Namna hii ikifa, ile ilikuwa ingali mbichi, kwa hiyo machipukizi hayakukosekana chunguni.

Kisha barafu ikaanza kushuka kutoka kileleni. Msimu huu ilifunika bonde hili, msimu uliofuata lile, na kila kilichoota mbele yake kilikauka. Ukoo ukaamua kuhamia pango la chini, penye chemchemi ya maji ya moto, ambako ardhi haikuganda. Kazi ya kubeba miche ya mianzi akapewa Nambozo, aliyekuwa na nguvu kuliko wanawake wote. Mavyaa wake, Khainza, mama wa mumewe, alimfungia miche ya kila namna, akamwonya asiache hata mmoja.

“Hata ule mchungu, mwanangu,” alisema. “Akiba haiozi.”

Nambozo akaitika. Lakini njia ilikuwa ndefu, na mzigo ulimchuna mabega. Siku ya pili, wenzake walipotangulia, aliketi akaonja miche yote. Michungu akaitupa kwenye theluji, na myembamba, na ile inayochelewa kuota. Akabakiza mmoja tu, mtamu kuliko yote. Alijiambia kwamba wakirudi kwao hakuna atakayeulizia uchungu. Pangoni alipoulizwa, alisema mingine imekufa kwa baridi. Khainza aliutazama mzigo, akanyamaza.

Miaka ikapita bila hesabu. Barafu ikachoka, ikarudi kileleni. Ukoo ukarudi mlimani, na Nambozo akaupanda mche wake, aliokuwa ameutunza kando ya chemchemi, ukachipua, ukagawanywa, hadi mlima mzima ukawa kijani. Watu walikula utamu mtupu na kumsifu, naye akakubali sifa. Mchagua nazi hupata koroma, ila koroma la Nambozo lilichelewa.

Mwaka mmoja mianzi yote ilichanua, kutoka bondeni hadi ukingo wa barafu. Kabla ya mvua kurudi, yote ilikuwa imekauka, na hapakuwa na namna nyingine ya kuwavusha watu. Watoto wakaanza kuzikwa. Nambozo alirudi kwenye ile njia, akafukua kwa mikono pale alipotupa miche, akakuta udongo tu. Jioni alijikokota hadi kwa mavyaa wake, aliyekuwa amelala hajiwezi kwa njaa, akakiri yote.

“Nilijua tangu pangoni, mwanangu,” Khainza akasema. “Nilinyamaza. Mimi pia nilikuwa nimechoka kula michungu.”

Alikufa kabla mbegu za mianzi iliyochanua hazijaota.

Na tangu siku hiyo mianzi ya mlima wetu, watoto wa mche ule mmoja, huchanua pamoja na kufa pamoja. Wanawake wakienda kuchimba machipukizi, huonja kila moja kabla ya kulitia kikapuni. Waliapa kwamba siku wakipata chipukizi lililo chungu hawatalila. Watalirudishia udongo na kulilinda. Wanaonja hadi leo. Yote bado ni matamu.