Abiria Asiyesafiri

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukaa. Msicheke, ni kazi, na wenye basi walimlipa. Kila alfajiri alivaa koti, akabeba mkoba uliojaa matambara, akaenda stendi ya mji wao mdogo na kuketi dirishani katika basi la mkoani. Wenzake kumi walifanya vivyo hivyo. Basi tupu halina mvuto, lakini likionekana kujaa, wasafiri wa kweli hupanda mbio. Wakishakata tiketi, wale wa kujaza hushuka mmoja mmoja: huyu chooni, yule maji ya kunywa. Mikoba hubaki vitini. Wenyewe hawarudi.

Asubuhi moja akapanda mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto anahema kama mvukuto.

"Kaka yangu, hili linaondoka saa ngapi? Hospitali ya rufaa daktari ananingoja mwisho saa sita. Lile la pale wanasema linaondoka saa moja, hata likiwa na watu wanne."

Yule mtu alimtazama mtoto. Alimwona vizuri, tusimtetee.

"Lile? Lile litakulaza njiani, dada. Hili si unaona limebaki viti viwili? Kaa."

"Mungu akubariki," mama akasema, akakaa.

Punde yule mtu akainuka. "Nachukua maji mara moja." Akashuka.

Saa moja lile basi la pili likaondoka, na watu wake wanne. Yule mtu alikuwa kwenye kibanda cha chai na wenzake.

"Leo umependeza kama afisa elimu!"

"Afisa gani? Mimi mkurugenzi wa kukaa!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Saa nne, jua limeshakuwa kali, akapita karibu na dirisha. Akamsikia mama akibishana na mzee aliyetaka kiti.

"Hapana, baba, kina mwenyewe. Kaka mmoja mstaarabu, kaenda kununua maji. Mkoba wake huu hapa."

Mzee akashuka, akaenda zake, kondakta yuko mbali akiita abiria. Alikuwa wa tatu kurudishwa. Na basi lilikuwa halitoki mpaka kiti kile kijae!

Mama akageuka, akamwona. Uso ukamchangamka. "Afadhali umekuja, kaka! Nimekulindia. Panda twende, mtoto ananizidia."

Angesema nini? Wewe ungesema nini? Akisema "mimi sisafiri", kazi imekwisha, yake na ya wenzake.

"Nakuja, dada," akasema. Akazunguka nyuma ya choo cha stendi, akachutama huko mpaka aliposikia injini. Saa saba, kiti kile kimeshapata mtu mwingine.

Mtoto alikata roho kabla ya kufika daraja la pili. Mama hakujua, aliendelea kumwimbia. Kondakta ndiye aliyerudi na habari.

Mji ule uliletewa lami, ndugu zangu. Uliletewa stendi yenye paa. Wakaambiwa sasa wanunuzi wa vitunguu watakuja, walimu hawatakimbia, mgonjwa atafika kwa daktari siku hiyohiyo. Barabara ilikuwa ya kweli. Basi lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa watu. Wanunuzi walipochoka kudanganywa wakahamia mji mwingine, na leo pale stendini panaanikwa mahindi.

Naona mnamlaani yule mtu. Ngojeni kwanza.

Tazameni mabenchi haya tuliyokalia. Yamejaa. Mgeni akichungulia mlangoni atasema, hawa wana safari, naye ataketi kati yetu na mzigo wake mgongoni. Kamati ya zahanati tumo. Kamati ya maji tumo. Majina yameandikwa, mwaka wa tatu huu, na bomba halijafika hata kwa jirani! Nani kati yetu anakwenda? Nauliza, nani? Kuna mtu ametuamini. Anatulindia nafasi, na kwa heshima yetu anawarudisha wale ambao wangeweza.

Kama huendi, sema huendi, hata ukiaibika. Shuka. Mwenye safari apate pa kukaa.