Imamu Aliyeacha Daku

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi imamu aliyeitwa Mughithi bin Harithi, mcha Mungu, msomaji mzuri, na mnene wa mwili. Ijumaa moja alihutubia juu ya kuipa dunia kisogo. Alipokuwa akivaa viatu, alimsikia mtu nyuma yake akimwambia mwenzake kwamba dunia aliyoipa kisogo imamu imemzunguka ikamkaa tumboni.

Neno lile lilimchoma, na tangu hapo hakutulia. Akaanza kufunga mfululizo, na daku hali. Mkewe, Bibi Rababu, akimwandalia, humgeuzia mgongo. Akimkumbusha kwamba katika daku mna baraka, hujibu kuwa baraka haipunguzi kitambi. Mchana kutwa alizunguka chumba hadi chumba, kichwa kikimgonga, akiwafokea wanafunzi kwa kosa la herufi moja. Magharibi ikiingia, alikula kama mtu anayekimbizwa, mkate juu ya mkate, kisha akajitupa kitandani na kugaagaa hadi alfajiri. Miezi ikapita. Mashavu yalibonyea, lakini kitambi, subhanallah, kilikuwa palepale, na pengine kimeongezeka.

Ijumaa nyingine, akisoma aya ya adhabu katika sala, sauti ilimkatika akaanguka mihrabuni. Waumini walilia. Walisema imamu ameangushwa na hofu ya Mola wake. Alipozinduka aliwakuta wanagusa kanzu yake, na yule aliyemcheka analia kuliko wote. Mughithi alijua kilichomwangusha. Alifungua kinywa aseme, kisha akanyamaza, maana heshima ile ilikuwa tamu. Kuanzia siku hiyo hata ule usingizi mchache ukamkimbia.

Ilipojulikana kwamba hufunga bila daku, watu wakaanza kumuiga. Asubuhi moja alikuja mlangoni mama anyonyeshaye, jina lake Hababa, na mtoto begani akilia kwa sauti iliyokauka. Alieleza kwamba naye ameacha daku na anafunga kama imamu, huenda akapata daraja ile; ila maziwa yamekatika. Alichotaka ni dua, apate subira.

Bibi Rababu alimkalisha mgeni, akamletea uji, kisha akamgeukia mumewe.

"Abu Yahya," alisema, akimwita kwa jina lake la heshima, "nilikusitiri kwa sababu nilidhani unajidhuru peke yako."

Mughithi aliinuka. Alitoka, akaingia, akatoka tena. Kusema kweli ni kuvuliwa nguo mbele ya mji mzima. Kunyamaza ni kumwacha mtoto yule alie. Hakungoja Ijumaa. Adhuhuri ileile, baada ya salamu, aliwageukia watu.

"Siku ile sikuangushwa na aya," alisema. "Niliangushwa na njaa, na njaa hiyo sikuikusudia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Niliona haya mbele yenu kwa unene wangu. Anayefunga na ale daku, na anyonyeshaye aikubali ruhusa ya kutofunga aliyopewa na Mola wake."

Wengine waliondoka na hawakusali tena nyuma yake. Yule aliyemcheka siku ya kwanza akauliza kama sasa imamu atarudia sahani zake. Mughithi alimjibu kwa upole kwamba atakula kwa wakati wake, kwa kiasi chake, na unene atauacha uonekane. Usiku ule alilala. Nguvu zilimrudia, ile pupa ya magharibi ikatulia, na mwili wake ukapungua polepole pasipo mtu kumsifu.

Ndugu yangu, njaa peke yake si ibada. Hata punda aliyesahauliwa zizini hulala na njaa. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wanasema siku ziwa la Hababa lilipojaa tena na mtoto akanyonya akashiba, Mughithi alijifungia chumbani akalia sana, na safari hii hakuna aliyemwona ila Mola wake na mkewe.