Mchicha Usiooshwa

Shamba lipo?
Lipo!
Mwenyewe yupo?
Yupo!
Na mwizi je?
Aje tu!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Mwizi je?
AJE TU!

Haya. Kaeni vizuri, wewe acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, bondeni, aliishi Chura. Alikuwa mdogo, mwenye macho makubwa na mdomo usiojua kunyamaza. Alilima matuta saba ya mchicha. Alilima peke yake, akapalilia peke yake, na maji akachota kwa kifuu, kifuu kimoja kimoja, mpaka mgongo ukaota vinundu. Vile vinundu mnavyovicheka ni vya kazi.

Mkubwa wa bonde alikuwa Ngiri. Huyo alikuwa na meno mawili ya kutisha na tumbo lisilojaa. Jembe hakulijua. Alijua malimbuko tu. Shamba lolote likikomaa, Ngiri ndiye wa kwanza kula, na mwenye shamba sharti apige magoti wakati mkubwa anatafuna. Tena alitangaza sheria yake moja: atakayetema chakula cha malimbuko mbele ya watu, hana shamba tena.

Kanga, jirani yake Chura, alipoteza bamia zake hivyohivyo. Ngiri alimrushia kifaranga wa Kanga bamia iliyokomaa ikawa kama kijiti, kifaranga akaitema, ptu! Shamba likaenda kwa Ngiri. Tangu siku hiyo Kanga alikuwa akiokota makombo kwenye udongo wake mwenyewe.

Basi msimu ule, kabla Ngiri hajafika, walifika viwavi. Wakatafuna, kwaru kwaru kwaru! Chura akawala. Akala asubuhi, akala mchana, akala jioni, mpaka tumbo likagoma. Viwavi bado wamo.

"Niwaachie?" Chura akajiuliza. "Siwaachii!"

Akachuma majani ya mwarobaini. Akachukua kitunguu saumu. Akachukua pilipili kichaa, zile ndogo zenye roho mbaya. Akatwanga, tu! tu! tu! Akaloweka kutwa kucha, akachuja, akatia kipande cha sabuni ili dawa ishike kwenye jani. Akachovya kifagio cha majani, akanyunyiza, cha! cha! cha! Kwenye mashina akamwaga majivu.

Viwavi wakashuka. Wakaondoka kwa foleni, wala hawakuaga.

Kanga alipopita akadonoa jani moja tu. Masikini! "Keke-keke-kekeee!" Akatimka mpaka mtoni, akatumbukiza kichwa chote.

"Shoga, ungeuliza," Chura akasema. "Siku zikipita chache na ukaosha vizuri, ni mboga tamu. Leo nimetoka kunyunyiza."

Kanga akapangusa machozi. "Na kesho Ngiri anakuja. Mpe tu, Chura. Piga magoti, yaishe."

Chura akamtazama. Akautazama ule mdomo wa Kanga uliovimba. Moyo wake ulikuwa unauma kwa hasira, lakini kicheko kilikuwa kinamjia hukohuko.

"Nitampa," akasema. "Ila magoti sipigi."

Asubuhi na mapema Chura akanyunyiza tena, cha! cha! cha! Safari hii pilipili alizidisha mara tatu.

Ngiri akaja, kishindo, pu! pu! pu! mkia juu. Wanyama wote wakaitwa washuhudie, kama ilivyo desturi.

"Chura! Piga magoti!"

"Mkubwa, mimi nimechuchumaa tangu nizaliwe. Hiyo inatosha."

Watu wakashika midomo. Ngiri akakunja uso, lakini mchicha ulikuwa unang'aa, na tumbo likamwambia ugomvi ungoje.

"Mchicha huu nimeunyunyizia dawa," Chura akasema kwa sauti, kila mmoja akasikia. "Ni dawa ya wote wanaokula wasichopanda. Nioshe, mkubwa?"

"Usioshe! Unataka kuuosha utamu wangu? Malimbuko hayaoshwi!"

Akang'oa tuta la kwanza zima. Tafuna, tafuna, meza.

Masikio yakasimama. Jicho moja likatoa chozi.

"Vipi, mkubwa?"

"Ta... tamu."

"La pili je? Nioshe?"

Ngiri akawatazama watu. Watu walikuwa wanamtazama yeye. Akikataa, wataona. Akiosha, amekubali neno la Chura.

"Usi... usioshe!"

Tafuna, tafuna, meza. Pua ikatiririka. Ulimi ukawaka moto. Tumboni kukanguruma, nguru nguru nguru!

Chura akaruka hadi tuta la tatu, akachuma tawi nene kuliko yote, akamletea mwenyewe mpaka mdomoni. Meno yale yalikuwa karibu na kichwa chake. Hakurudi nyuma.

"Nioshe, mkubwa?"

"U... u..."

Tafuna. Tafuna. Taf...

PTUUU!

"Ametema!" Kanga akapiga kelele. "Ametema malimbuko! Mbele yetu!"

"Ametema! Ametema!" Bonde zima likapokea. "Hana shamba! Hana shamba!"

Ngiri hakuwa na nafasi ya kubisha. Alikuwa anatafuta kitu cha baridi. Akaona udongo mbichi pale Chura alipomwagia maji, akaanguka kwa magoti yote mawili, akachomeka mdomo kwenye tope, akasugua ulimi, huku analia kama mtoto.

Chura akamsogelea, akachuchumaa mbele yake.

"Ulitaka leo mtu apige magoti kwenye shamba langu," akasema. "Nashukuru umejitolea."

Siku hiyohiyo Kanga akarudi kwenye bamia zake. Na Ngiri, mpaka kesho, akitaka kula hata jani la nyasi, hupiga magoti kwanza. Wapo wanaosema ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Hao hawakuwepo.

Haya, fundisho lenyewe, msije mkasema sikuwafundisha. Watoto, waheshimuni wakubwa. Msibishane nao hata kidogo. Mkubwa akisema usioshe, usioshe.

Shamba lipo?
Lipo!
Mwenyewe yupo?
Yupo!
Na mwizi je?
Kwenye tope!

Jembe langu naliweka chini. Mwenye mkono aliokote.